Mwanamke, Ardhi na Riwaya: Mwongozo wa Kusoma kwa Wasomaji wa Katavi

Msomaji unayekaa Mpanda, Majimoto, Karema, Inyonga au Mishamo, ukiwa mwalimu wa fasihi, mwanafunzi, au mpenzi wa vitabu asiyesoma kwa ajili ya mtihani wowote, una maarifa ambayo wahakiki wengi wa riwaya hawakujaaliwa kuwa nayo, nayo ni kujua kuni hutoka wapi, maji huchotwa na nani, na ardhi inapogawanywa jina la nani huandikwa na la nani huachwa. Maandishi haya yanakusudia kukuonyesha namna ya kuyatumia maarifa hayo katika kuwasoma wahusika waliosukumwa pembezoni mwa hadithi, hususan wanawake, vijakazi, wageni na maskini, ambao aghalabu huingia ukurasa mmoja wakiwa na ndoo kichwani na kutoka ukurasa wa pili bila ya kuulizwa majina yao.

Mkabala wa usomaji ninaoukusudia, uitwao ufeministi wa mazingira, ulipewa jina lake na mwandishi wa Kifaransa Françoise d'Eaubonne mwaka 1974, ukapata nguvu India kwa maandishi ya Vandana Shiva, ambaye kitabu chake cha mwaka 1988 kilieleza jinsi misitu na maji vinavyoondolewa mikononi mwa wanawake wa vijijini kwa jina la maendeleo. Na kwetu Afrika ya Mashariki ulikuwa ukitendwa kabla haujasomwa, kwani Wangari Maathai alipoanzisha harakati za Green Belt nchini Kenya mwaka 1977, akiwakusanya wanawake kuotesha miche, hakuwa akifasiri kitabu cha mtu, bali alikuwa akijibu kilio cha wanawake wa vijijini waliolalamika kwamba kuni zimekwenda mbali na vijito vimekauka. Kiini cha mkabala huu ni kwamba fikra ile ile inayomfanya mtu auone msitu kuwa ni ghala la mbao ndiyo inayomfanya amwone mwanamke, kijakazi na maskini kuwa ni mikono ya kazi, na kwamba dhulma hizi mbili hulishana, hata ikawa taabu kuiondoa moja na kuiacha nyingine palepale ilipo.

Kabla hujafungua kitabu, hata hivyo, jihadhari na kosa moja lililo jepesi kutendwa na zito kusahihishwa, nalo ni kusema kwamba mwanamke ni ardhi, kwamba tumbo lake ni shamba na uchungu wake ni ukame, kisha ukadhani kwamba kwa kusema hivyo umekwisha kusoma. Mtaalamu wa iktisadi wa India, Bina Agarwal, alilionya jambo hili mwaka 1992 alipoeleza kwamba wanawake hawaifahamu misitu kwa sababu ya maumbile yao, wanaifahamu kwa sababu kazi waliyogawiwa imewapeleka huko kila siku, na kwamba mwanamke tajiri na mwanamke maskini hawaioni mvua iliyokosekana kwa jicho moja. Nakuomba uyashike maneno hayo kuliko yote mengine utakayoyasoma hapa. Mhusika aliye pembezoni si alama ya ardhi. Ni mfanyakazi wa ardhi na mwenye ilimu juu yake, na msomaji anayemgeuza kuwa alama humnyang'anya kwa mara ya pili kile ambacho wenye nguvu katika hadithi wamekwisha kumnyang'anya kwa mara ya kwanza.

Basi chukua daftari, na riwaya moja tu, wala usianze na riwaya ngumu. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, yatosha kwa kuanzia, kwa kuwa ni kitabu ambacho wengi wetu tumekisoma kwa pupa tukimfuata Rosa, maisha yake ya shule na msiba wake wa mwisho, hata tukampita mama yake bila ya kumtazama. Isome mara ya kwanza kwa raha, kama hadithi inavyostahili kusomwa. Kisha irudie, na safari hii mwache Rosa aende zake, umfuate Regina, mke wa Zakaria mlevi wa kijiji cha Namagondo katika kisiwa cha Ukerewe. Kila mahali anapotajwa, andika anafanya nini kwa mikono yake: analima, anapika, anabeba, anauguza, anapigwa, anangoja. Pembeni ya kila kazi andika kitu ambacho kazi ile haiwezi kutendeka bila ya kuwapo kwake, yaani maji, kuni, udongo, mbegu au ziwa, na baada ya hapo ujiulize ni nani mwenye amri juu ya kitu hicho.

Ukifanya zoezi hili kwa uaminifu utaona jambo ambalo muhtasari wa mitihani hauwezi kukuonyesha. Nyumba ya Zakaria, ambayo kwa sheria na kwa mila ni ya Zakaria, inasimama juu ya kazi ya mtu ambaye hana kauli ndani yake. Na mabinti wanaokua wakiitazama hali hiyo wanajifunza mapema kwamba kazi ya mwanamke haimpi haki juu ya matunda yake. Hapo anguko la Rosa, ambalo wasomaji wengi wamelifasiri kuwa ni tatizo la malezi na tabia peke yake, linapata mizizi mirefu zaidi, kwa sababu msichana aliyemwona mama yake akilima asichomiliki anakwenda mjini akiwa amekwisha kufundishwa kwamba mwili wake nao ni shamba la wengine. Tazama kwamba hapa nimelitumia neno shamba kwa mwili wa mtu baada ya kumtazama Regina akilima shamba la udongo. Utaratibu huo wa kutanguliza kazi na kuchelewesha tashbihi ndio ninaokusihi uufuate.

Hapa ndipo ukazi wako wa Katavi unapokuwa hazina. Mtu aliyesoma nadharia mjini akikutana na mstari unaosema kwamba mwanamke alikwenda kutafuta kuni, huupita. Wewe unajua kwamba kuni zina umbali, na kwamba umbali huo hukua kila mwaka pale ambapo miti ya miombo imekatwa kwa mkaa au imeingia katika mabani ya kukaushia tumbaku. Unajua kwamba mizinga ya nyuki iliyotundikwa juu ya miti aghalabu ni ya wanaume, ilhali uyoga unaoota chini ya miti ile ile mvua zinapoanza huokotwa na wanawake na watoto, hata msitu mmoja ukawa na mali mbili na wenyewe wawili, na mti unapoangushwa hasara hailingani. Unajua majaruba ya mpunga ya Mwamapuli, na unajua kwamba mto Katuma, unaopeleka maji katika Ziwa Katavi na Ziwa Chada kabla ya mto Kavuu kuyafikisha Rukwa, umekuwa ukipungua na kukatika wakati wa kiangazi kwa sababu maji yake huzuiwa na kuchepushwa huko juu, na viboko wakabaki wamesongamana katika matope. Riwaya inapokuambia kwamba mto ulikauka, usikubali mto huo ukauke peke yake kama kwamba ni kudura tupu. Uliza nani alikuwa juu ya mto, nani alikuwa chini, na ndoo ya nani ndiyo iliyorudi nyumbani ikiwa tupu.

Baada ya kazi linafuata suala la milki, na kwa suala hili sijui kitabu kinachofaa kuliko Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyochapishwa mwaka 1976. Rehema ni binti wa mwenye mashamba, aliyewekwa kando na jamaa zake wa baba kwa sababu ya rangi yake, na aliyedhulumiwa urithi. Na mtu anayempokea ni Sulubu, mkulima asiye na chochote ila nguvu zake. Wanapolifufua shamba kwa jasho lao, msomaji hufurahi pamoja nao, na ardhi inapokuja kudaiwa na watu wenye hati na jamaa wenye nguvu, msomaji hukasirika. Usikomee katika hasira. Andika katika daftari lako nani katika riwaya hii anaijua ardhi, yaani anajua udongo wake na majira yake, na nani anaimiliki, kisha uone jinsi orodha hizo mbili zisivyokutana kwa jina hata moja la kudumu. Sulubu ni mwanamume, naye amo katika orodha ya wanyonge pamoja na mkewe, na jambo hili litakuepusha na ile tafsiri ya haraka inayoufanya usomaji huu kuwa ugomvi wa wanawake na wanaume.

Ukiwa unafundisha riwaya hii, chukua nafasi uwaeleze wanafunzi sheria zilivyo, maana wengi wao watarithi au watanyimwa urithi kabla hawajafika umri wa miaka thelathini. Tangazo la sheria za mila la mwaka 1963 lilimweka binti nyuma ya kaka zake katika mirathi na kumzuia kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990, katika kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu huko Mwanza aliamua kwamba kizuizi cha namna hiyo kinapingana na haki za binadamu zilizomo katika Katiba. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inabatilisha mila yoyote inayowanyima wanawake haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Hata hivyo sheria iliyoandikwa Dodoma au Dar es Salaam haina miguu ya kuifikisha katika kikao cha ukoo Nsimbo, na hapo ndipo riwaya inapofanya kazi ambayo gazeti la serikali haliwezi, kwa kuwa inakuketisha ndani ya kikao hicho, ukasikia nani anasema na nani amenyamazishwa.

Sasa niruhusu nikae kwa muda katika kitabu cha tatu, kwa sababu naamini ndicho kitakachowalipa zaidi wasomaji wa upande huu wa nchi. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, aliandika mwaka 1994 riwaya ya Kiingereza iitwayo Paradise, ambayo Ida Hadjivayanis aliifasiri kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, ikatoka mwaka 2022. Ni hadithi ya kijana Yusuf, aliyetolewa na baba yake kuwa rehani kwa tajiri Aziz kwa ajili ya deni, katika miaka ya mwisho kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Nyuma ya nyumba ya tajiri huyo mna bustani iliyozungushwa ukuta, yenye maji, vivuli na miti ya matunda, na Yusuf anaipenda kwa moyo wa mtoto aliyenyang'anywa kwao. Wasomaji wengi huipenda pamoja naye, na mwandishi ametaka tuipende.

Lakini uliza maswali uliyokwisha kuyazoea. Nani anaimwagilia? Ni Mzee Hamdani, mtumwa aliyeukataa uhuru alipopewa, ambaye anaujua kila mche wa bustani ile na hana hata mmoja. Nani anaishi kando yake asiweze kutoka? Ni Bi Zulekha, ambaye utajiri wake ndio uliomwinua Aziz katika biashara, na ni Amina, msichana ambaye naye alitolewa kwa deni, kama alivyotolewa Khalil anayefanya kazi dukani, kisha tajiri akamwoa. Sikiliza kwa makini namna Amina anavyoisema nyumba ile anapopata nafasi ya kusema, kwani yeye, aliye karibu na maua kuliko Yusuf, haoni pepo. Bustani, binti, kijana na mtumwa wameandikwa katika daftari moja la madeni. Uzuri wa miti ile umelipiwa na watu wasioruhusiwa kuumiliki hata uzuri wa nyuso zao. Mimi sijapata kusoma mahali pengine katika fasihi ya Afrika ya Mashariki ambapo fungamano la milki ya ardhi na milki ya wanawake limeonyeshwa kwa utulivu na uchungu wa namna hii, na hukumu yangu ni kwamba mwalimu akiwa na nafasi ya kufundisha kitabu kimoja tu kwa mkabala huu, na achague hiki.

Kisha fuata msafara. Aziz na watu wake wanakwenda bara kutafuta pembe, hata wanavuka ziwa kubwa la magharibi, na njiani nchi inaonekana kwa macho ya watu wa pwani kuwa ni pori la hatari na watu wake kuwa ni washenzi. Wewe msomaji wa Karema, ambaye mji wako ulikuwa kituo cha Wabelgiji tangu mwaka 1879, na wewe wa Mpimbwe na Ubende, mna wajibu wa kuusoma ukurasa huo mkisimama upande wa pili, kwa kuwa pori hilo lilikuwa na wenyewe, mashamba, makaburi na majina. Mahali pengi panapoitwa pori tupu leo palifanywa kuwa patupu: katika miaka ya 1920 serikali ya Kiingereza, kwa kuhofia malale, iliwaondoa watu wengi wa magharibi ya Tanganyika katika vijiji vyao vilivyotawanyika na kuwakusanya katika makazi makubwa, na miti ikarudi juu ya mashamba yaliyoachwa. Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974 na kupanuliwa mwaka 1998, imebeba jina la Katabi, mwindaji ambaye Wabende husimulia kwamba roho yake inakaa katika mkwaju karibu na Ziwa Katavi. Jina la mwindaji limeingia katika ramani za dunia, na majina ya waliolima na kuchota maji katika nchi hiyo hiyo hayakuingia. Katika kila riwaya utakayoisoma, pale mwandishi anaposema pori, andika swali la nani alikuwapo hapo kabla.

Wageni nao wanataka usomaji wao. Katumba ilianzishwa kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi waliokuja mwaka 1972, Mishamo ikafuata mwaka 1978, na wengi wao walipewa uraia wa Tanzania mwaka 2014, baada ya kuishi miaka mingi juu ya ardhi waliyoifyeka wao wenyewe na ambayo hawakuweza kuiita yao. Msomaji aliyekulia huko akimkuta katika riwaya mwanamke aliyehamia, anayepanda mihogo katika udongo wa wengine, atajua kwamba kupanda mti wa matunda wa miaka mingi ni kitendo cha kudai kukaa, na kwamba kupanda zao la msimu mmoja pengine ni dalili ya hofu ya kuondoshwa. Hakuna mhakiki anayeweza kumfundisha hayo. Ni yeye anayepaswa kumfundisha mhakiki.

Yapo maneno machache ya tahadhari. Usimtakase mhusika kwa sababu ni mnyonge. Mwanamke anayechoma mkaa anaukata msitu ambao mwenzake anautegemea kwa uyoga na dawa, naye anafanya hivyo kwa sababu ada ya shule haingoji; insafu ya usomaji ni kuyaandika yote mawili, kitendo na shinikizo lake, bila ya kumgeuza malaika wala mhalifu. Wala usiusifu umaskini kwa kuuita maisha ya karibu na maumbile. Kadhalika usikilazimishe kitabu: ziko riwaya, kama Utengano ya Said Ahmed Mohamed ya mwaka 1980, ambamo ardhi haisemi mengi na kuta za nyumba ndizo zinazosema, na humo utapata faida zaidi ukimtazama mkunga Farashuu na ilimu yake ya uzazi, ambayo Bwana Maksuudi anaidharau na nyumba yake inaihitaji, kuliko ukihangaika kutafuta mito isiyokuwamo.

Unapofika wakati wa kuandika, iwe insha ya darasa au makala ya gazeti, anza na kitendo kimoja cha mhusika mmoja, si na nadharia, na nadharia uilete pale tu ambapo kitendo kimekwisha kueleweka na kinahitaji jina. Taja ukurasa, taja kazi, taja kitu kilichotumika, taja mwenye amri juu yake; halafu uulize mwisho wa hadithi umempa nini mhusika huyo, kwa maana waandishi wetu wengi, hata wale wenye huruma, wamekuwa wepesi wa kumwua mwanamke katika sura ya mwisho na kuliacha shamba likiwa na mwenyewe yule yule. Ukiona hivyo, sema wazi. Mwandishi mkubwa hapungukiwi na adhama yake kwa kuulizwa swali la haki.

Na wewe mwalimu, kabla ya kuifundisha tena Rosa Mistika au riwaya nyingine yenye mama anayelima, mwalike darasani mwanamke mmoja anayefanya kazi katika majaruba au anayeuza kuni sokoni Mpanda, mpe kiti cha mbele, mlipe kwa siku yake ya kazi uliyomwondolea, umsomee sura ya kwanza kwa sauti, kisha umwulize ni kazi gani za Regina ambazo mwandishi hakuziandika. Na wanafunzi wayaandike majibu yake katika madaftari yao, kwenye ukurasa ule ule wenye maneno ya wahakiki.